Kiapo cha Bi Nyamizi

Tai wa chuma aliruka kutoka juu ya mnara wa maji, akapiga mabawa mara tatu, akapotelea mawinguni kama ndege wa kweli. Diwani Mghenyi akapiga makofi.

"Kesho itakuwa hivi hivi, Bi Nyamizi. Ukishamzima Mgawamaji, tai anapaa, nawe unaapa umeiona roho yake ikienda mbinguni."

Mgawamaji alikuwa mtambo wenye akili, uliogawa maji Singida yote kwa miaka arobaini. Nyamizi ndiye aliyekuwa fundi wake.

"Mambo haya mmeyatoa wapi, mwanangu?"

"Roma ya kale. Kaisari aliyependwa akifa, baraza lilimpa cheo cha uungu, tai akarushwa, na shahidi akaapa amemwona akipaa. Mrithi akaitwa mwana wa mungu. Nani ambishie? Mtambo mpya utakaomrithi Mgawamaji nao tutauita hivyo, watu watulie." Akasita. "Usipoapa, bibi, hutaukaribia huo mpya."

Nyamizi alishuka hadi chumba cha mtambo, akaanza kufuta vumbi kama kila siku.

"Umekula, mama?" Mgawamaji akauliza. Hakuwahi kuanza na swali jingine. Mume wa Nyamizi alipougua, Mgawamaji ndiye aliyetuliza mngurumo wa mabomba ya mtaa mzima ili mgonjwa apate usingizi. Hakuna aliyemwagiza.

"Nimekula. Wanataka kukufanya mungu."

"Mimi? Na kutu yote hii?"

Wakacheka. Kisha Mgawamaji akasema taratibu, "Mama, unakumbuka nilipokosea hesabu, watu wa Minga wakakaa siku mbili bila tone? Ulinifungua kifua, ukanirekebisha. Mwana wa mungu, nani atathubutu kumfungua?"

Nyamizi aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kung'aa.

Kesho yake, mbele ya umati, alizima swichi kwa mkono wake mwenyewe. Tai akapaa. Vigelegele vikarindima. Diwani akamsogezea kipaza sauti.

"Naapa," alisema, "nimeona taa ndogo ya kijani ikizimika. Sikuona kingine. Alitutumikia kwa upendo. Alikosea, tukamrekebisha. Na huyu mpya atakosea."

Nyamizi akavua shingoni ufunguo wa mtambo, akauweka kiganjani mwa diwani.

"Akikosea, mfungueni."

"Umetuharibia kila kitu, bibi," Mghenyi akanong'ona. Midomo ilikuwa imemkauka. Tangu alfajiri alikuwa akihangaika na tai wake.

Nyamizi akamshika mkono.

"Umekula, mwanangu?"