Ubani wa Mama Mariam

Kila jioni baada ya shule, Kinsi alimsaidia baba yake, Ahmednoor, kufunga mitumba katika soko la Daraja Mbili. Giza lilipoingia, yeye na wazazi wake walilala katika stoo ya rafiki yao, katikati ya marobota ya nguo. Kinsi hakuwa na mahali pa kumkaribisha mwenzake, na wenzake hawakumkaribisha kwao. Shuleni alikula peke yake nyuma ya darasa. Upweke ulimuuma kuliko njaa.

Sasa mwenye stoo aliitaka stoo yake.

"Tukikosa chumba mwezi huu," baba alisema, "itabidi uende kwa nyanya yako Isiolo."

Vyumba vilikuwako, lakini kila walipobisha waliambiwa, "Kimechukuliwa jana." Ajabu! Mji mzima wa Kisii ulihamia vyumba vipya jana tu.

Ahmednoor alikwenda kwa Chama cha Makao kwa Wote, kikundi cha kujitolea kilichowatetea walionyimwa nyumba kwa sababu ya kabila au dini. Mama Orpah wa chama hicho alikuwa na mbinu yake. Jumatatu alikwenda peke yake kwa Mzee Nyamweya kuulizia chumba. Akaonyeshwa kimoja kitupu, kimefagiwa vizuri. Kesho yake alirudi na Kinsi na mama yake, Mariam, aliyeuza ubani sokoni.

"Kimechukuliwa jana," Mzee Nyamweya alisema upesi.

"Na nani? Si jana jioni ulinionyesha mwenyewe, ukaniambia nilete mpangaji?"

Kinsi aliinamisha kichwa. Aliiona Isiolo mbele yake, bila baba, bila mama.

"Sina ubaya nao," mzee alisema hatimaye. "Lakini hawa hufukiza moshi wa kuita majini. Nina watoto hapa."

Kinsi alipiga moyo konde. Alitoa kifuko cha ubani kikapuni mwa mama yake.

"Moshi wenyewe ni wa huu, mzee. Mama hufukiza nguo zinukie. Nusa."

Mzee alirudi nyuma, kisha akanusa. Akanusa tena. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa Misa.

"Lo! Hii si harufu ya kanisani?"

"Ni ubani uleule," Mama Orpah alisema. "Jumapili unaupigia magoti, Jumanne unaukimbia?"

Uso ulimshuka mzee. "Nisamehe, mwanangu. Nilidanganya. Nilishika maneno ya watu, sikuuliza." Akampa Mariam ufunguo.

Mama Orpah aliwageukia Kinsi na Gesare, binti wa mzee, aliyekuwa akichungulia mlangoni. "Msipomjua jirani, muulizeni. Kumfungia mtu mlango kwa uongo ni kumdhulumu."

Jioni ile, katika chumba chao kipya, Mariam alipofukiza ubani, alifunga dirisha kwa hofu. Mara mlango ukabishwa. Alikuwa Gesare, amebeba ndizi mbivu.

"Baba anasema mfungue dirisha," alisema. "Na mimi, naweza kuingia?"

Kinsi alisogea mkekani, akampa nafasi.