Jibu la Themanini na Saba

Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Afnan alifungua kabati la ofisi yake ndogo huko Harrow, ughaibuni, akakuta jalada halipo. Lilikuwa na majibu mia mbili na kumi na manne ya maswali ya uanachama, yenye saini za mawaziri wa nchi inayoomba kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi ya ofisi hiyo ni kuziandaa nchi jirani kama hiyo, na jalada lilitakiwa kuwasilishwa Jumatatu.

Kitu kikipotea ofisini, jicho la kwanza humwangukia mwenye ufagio. Miradie, Mkongo wa Bukavu, ndiye msafishaji, na ufunguo anao.

"Nampigia bosi wake sasa hivi," Afnan alisema.

Simu hiyo ingemfukuzisha Miradie kazi, na watoto wake watatu wanaitegemea kazi hiyo. Restuta, aliyekuwa askari mpelelezi Mwanza na sasa anachunguza madai ya bima, aliitwa kusaidia, akaomba nusu saa. Mama huyu namheshimu: hafoki, hatishi, anatazama.

Alitazama kabati. Majalada yamesimama wima, na kwenye pengo kimechomekwa kipande cha boksi ili yasiangukiane. Afnan alisema hakukiweka yeye.

"Jana ulitoka saa ngapi?" Restuta alimuuliza Miradie.

"Saa kumi na moja na nusu, mama. Kabati sikuigusaka."

Njenga, mtaalamu wa forodha aliyekuwa amegombana na Afnan juu ya mkataba wake wa kazi, alinuna. "Mimi niliondoka saa kumi. Angalia hata kadi yangu ya treni."

"Mlango niliufunga mie, saa kumi na mbili," alisema Mzee Shaame, mshauri wa ofisi, aliyefanya kazi miaka thelathini katika masijala ya serikali Unguja.

Restuta akamwomba kila mmoja amtolee jalada moja. Njenga alivuta lake, mengine manne yakalala. Miradie alitoa lake huku akiyazuia mengine kwa kiganja. Mzee Shaame alitoa lake, akachukua bahasha tupu mezani, akaichomeka kwenye pengo, ndipo akamkabidhi.

"Mazoea yana taabu, mzee," Restuta alisema. "Masijalani ukitoa jalada, lazima uache kitu mahali pake."

Mzee hakubisha. "Liko kwangu, salama. Jibu la themanini na saba lasema mpakani ipo maabara ya kupima sumukuvu kwenye mahindi. Nimepiga simu huko. Jengo lipo, mashine hakuna hata moja. Nimemwambia Afnan mara mbili."

"Deadline ni Jumatatu, baba," Afnan alisema. "Mashine zingekuja baadaye."

"Na watu watakula nini mpaka zije? Jirani humsaidii kwa kumfunza uongo. Nilitaka Jumatatu ipite."

"Na Miradie afukuzwe?" Restuta aliuliza.

Mzee akainama. "Hilo sikulifikiria. Niwie radhi, Miradie mwanangu."

Kuiba ni kuiba, lakini mzee huyu namvulia kofia. Na Afnan pia, maana simu aliyoipiga haikwenda kwa bosi wa Miradie. Ilikwenda wizarani, kwa waziri wa nchi ile.

"Mheshimiwa, jibu la themanini na saba si kweli. Tuandike 'bado'. Jumatatu hatuwasilishi."

Alifokewa dakika nzima, na neno lake hakulibadilisha.

Miradie alikuwa bado anamtazama Mzee Shaame.

"Papa, mungeniambia tu," alisema. "Ningewasaidia kubeba."