Pasi ya Jogoo Asiye na Kichwa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi River Road haikuwa na pa kukanyaga, na duka la vyombo vya stima alikouza Wangu lilikuwa limejaa watu hadi kizingitini. Wake walibonyeza swichi za majiko, waume wakasoma bei na kukohoa. Wangu, binti mrefu wa Bahati, siku hiyo alivaa sketi ya marinda ya samawati na blauzi nyeupe yenye kola pana. Alikuwa akimfungia mteja birika pale kijana mmoja alipojipenyeza, akaweka pasi ya stima juu ya kaunta, akavua koti bila kusema neno, kisha akageuka kuwapa watu mgongo.

Katikati ya shati lake pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia, kamili na ncha yake, kama chapa ya ng'ombe. Duka zima likacheka.

"Niliinunua hapa wiki jana," kijana akasema. "Nataka shati langu."

Wangu alilishika lile shati kwa vidole viwili. "Hii ni nailoni. Swichi uliiweka wapi?"

"Mwisho kabisa. Nilikuwa na haraka."

"Mwisho ni kwa nguo za pamba, kaka. Pasi haina kosa. Wazee wetu waliopiga pasi kwa makaa walikuwa wakiirushia matone ya maji kwanza, waisikie inasemaje."

"Mimi niliambiwa hii ya kisasa inajua yenyewe."

"Inajua kuwaka tu. Mengine yote ni yako."

Kijana yule alicheka mwenyewe kuliko wote. Aliitwa Andati, fundi wa simu, na alikuwa amepanga chumba Buruburu. Shati hakulipwa, lakini aliondoka na namba ya simu ya duka.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila alipopanda mlingoti kutengeneza waya, Andati alichomeka simu yake ya kazi kwenye waya na kupiga dukani.

"Naomba kuongea na Wangu," alimwambia karani aliyeipokea simu.

"Wako nani?"

"Wangu."

"Ndiyo nauliza, wako nani? Hapa tuko wengi."

Wangu alimpokonya karani mkono wa simu huku mbavu zikimuuma kwa kicheko. "Uko wapi leo?"

"Juu ya Jogoo Road. Nawaona watu wote vichwa. Nakuona hata wewe."

"Mwongo. Nimevaa rangi gani?"

"Rangi ya mtu ninayempenda."

Ndivyo walivyoanza. Jumapili walikutana baada ya kanisa, wakatembea Bahati hadi Makadara na kurudi, wakila mahindi ya kuchoma, Andati akisimulia visa vya nguzo na waya. Alikuwa na kipaji cha kusimulia. Akikwambia jambo, uliona hadi rangi ya kofia ya mtu anayemtaja. Wangu alimpendea hilo, na hakujiuliza ni kiasi gani cha visa vile kilikuwa kweli.

Mwaka huo, wa themanini na moja, akina mama wa kanisa la Bahati waliamua kuandaa maonyesho katika ukumbi wa Makadara: meza moja ya vyombo vya nyumbani vya enzi ya mkoloni, na nyingine ya vyombo vya leo, ili watoto wajue walikotoka. Kazi ya kuyaongoza alipewa Wangu. Vya leo vilimjia kwa urahisi, tajiri wake alimwazima jiko la gesi, friji ndogo na redio ya kaseti. Vya zamani ndivyo vilivyomsumbua. Alipata mtungi wa maji, taa ya chemni, vikombe vya bati vilivyobanduka rangi na santuri ya kuzungusha kwa mkono. Pasi ya makaa hakuipata. Watu walikuwa wameziuza kama vyuma vikuukuu mara tu stima ilipoingia nyumbani kwao.

"Mamangu anayo," Andati akasema kwenye simu.

"Kweli?"

"Niamini. Nitakuletea."

Alimletea siku ya pili, nzito, nyeusi, mdomo wake ungali na majivu. Jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko hakuwa na kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na nati ya baiskeli.

"Baba aliinunua Kisumu kabla ya Hali ya Hatari," Andati akasimulia. "Akaja nayo kwenye gari la moshi hadi Makongeni. Mama aliitumia kunyoosha yunifomu ya baba ya reli. Jogoo alipovunjika, baba akatia hiyo nati kwa mkono wake."

Wangu aliisikiliza ile hadithi kama anayesikiliza wimbo. Bila kumwambia mpenzi wake, akatuma salamu kwa mama huyo wa Makongeni, kwamba amealikwa rasmi kama mgeni wa heshima. Alitaka kumfurahisha.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wangu alivaa gauni la rangi ya zambarau lililoshonwa na mamake, Wacera, mjane aliyewalea wanawe kwa cherahani. Wacera alikaa upande wa kushoto, kitambaa cheupe kichwani, akipunga mkono kwa majirani. Mlango ukafunguka, akaingia mama mnene, mpole wa uso, mwenye koti la sufu na mkoba mpya. Alikuwa Lenah, mamake Andati.

Andati alipomwona, rangi ilimtoka. Alimfuata Wangu nyuma ya meza.

"Ile hadithi ya pasi, usiisimulie leo."

"Kwa nini? Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Wangu, nakuomba. Nitakueleza baadaye."

"Mamako amekuja kwa ajili yake. Nimemwalika mimi."

Mwenyekiti wa akina mama alikuwa tayari anamwita jukwaani. Wangu akaenda.

Aliongea vizuri. Alinyanyua kikombe cha bati akawaambia watoto kuwa huko kwa mzungu mpishi alikuwa na kikombe chake, kilichowekwa mbali na vya bwana, na kwamba glasi iliyo mezani leo haina bwana wala mpishi. Aliwasha taa ya chemni, kisha taa ya stima, akawauliza ni ipi inayomkusanya mtu na wenziwe. Mama mmoja akajibu kwamba chemni ilikusanya watu kwa kuwa ilikuwa moja tu, na watu wakacheka. Kisha Wangu akainua pasi ya makaa.

"Hii ni ya mamake Andati, aliye nasi hapa," akasema, na akaisimulia hadithi yote: Kisumu, gari la moshi, yunifomu ya reli. "Na jogoo huyu alipovunjika kichwa, mume wake akamtia nati ya baiskeli kwa mkono wake."

Wacera alisimama. Hakupaza sauti.

"Hiyo pasi ni yangu."

Watu wakageuka kumtazama.

"Kichwa cha huyo jogoo kilivunjika Krismasi ya hamsini na tatu. Nati aliitia Gichuru, mume wangu, akiwa amekaa kizingitini kwetu Bahati. Ukitazama chini ya mpini utaona alipokwaruza alama ya msalaba."

Wangu aligeuza pasi. Msalaba ulikuwepo. Tangu utotoni alijua kisa cha Aprili ya hamsini na nne, askari wa mkoloni walipozingira mitaa wakiwasaka Mau Mau, wanaume wakakalishwa chini, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho akapita mbele yao akiwaonyesha wa kukamatwa kwa kutikisa kichwa. Gichuru alitikisiwa kichwa. Alipelekwa kizuizini na hakurudi. Wacera alipakiwa kwenye lori kurudishwa Murang'a, Wangu akiwa mgongoni, na nyumba ikabaki wazi na kila kilichokuwamo.

Wacera alimgeukia Lenah. "Miaka yote hii nimeuliza ni nani alikuwa ndani ya gunia lile. Leo namwona aliyefaidika. Mlimwonyesha mume wangu, kisha mkachukua hata pasi."

"Mimi, mama?" Lenah alisema polepole. "Mimi sijawahi kuwa na pasi ya makaa. Mume wangu nguo zake zilipigwa pasi na dobi." Akamtazama mwanawe. "Andati, waeleze."

Andati alifungua mdomo. Alimtazama mamake, akamtazama Wangu pale jukwaani, na neno halikutoka. Watu wakaanza kunong'ona. Lenah akangoja, kisha akauchukua mkoba wake mpya akatoka peke yake, akipita katikati ya wanawake waliokuwa wakivuta sketi zao asiziguse.

Nje ya ukumbi Wangu alimkuta Andati ameegemea ukuta.

"Niliinunua sokoni Gikomba," Andati akasema kabla hajaulizwa. "Kwa mama mmoja muuza vyuma. Nilitaka uone kwamba kwetu kuna kitu unachokihitaji. Hadithi niliitunga."

"Kwa nini hukusema mle ndani?"

"Niliogopa. Niliona nikisema, utanidharau mbele ya watu."

"Ukaona afadhali mamako aitwe mwizi."

Andati akainama kuifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Na hii ya Gikomba," Wangu akasema, "nitajuaje kama nayo hukuitunga sasa hivi?" Akarudi ndani bila kungoja jibu.

Wacera aliibeba pasi ile nyumbani ikiwa imefungwa kwa leso. Hakula. Aliiweka mezani akaitazama kama anayemngoja mtu aongee. Wangu alipomweleza habari za Gikomba, alitikisa kichwa.

"Anamfichia mamake. Hata mimi ningekuwa mamake angenifichia. Chagua, Wangu. Mtu huyo akikanyaga hapa kama mkwe, mimi nitatoka."

Dukani simu ililia kila siku. "Mwambie sipo," Wangu alimwambia karani, naye karani, aliyezoea kuwatania, akawa anajibu kwa sauti ndogo na kukata. Usiku Wangu alijigeuza kitandani. Kilichomuuma zaidi si kwamba Andati alidanganya, bali kwamba ile hadithi ya uongo bado aliipenda. Pia alimkumbuka yule mama akipita kati ya sketi. Kama Andati alisema kweli, basi yeye Wangu, kwa sauti yake mwenyewe, ndiye aliyemvua nguo mama asiye na hatia.

Jumapili alasiri mlango wao ulibishwa. Andati alisimama nje, ndevu hazijanyolewa, na kando yake mwanamke wa Kisomali aliyejitanda shuka ya manjano.

"Sikuja kuchumbia, mama," Andati alimwambia Wacera. "Nimekuja kwa ajili ya mamangu. Huyu ni Shamso. Ndiye aliyeniuzia."

Wacera alitaka kufunga mlango, lakini Shamso alikwisha kuiona pasi juu ya meza.

"Hiyo hapo," akasema. "Huyu kijana alinisumbua kwayo. Nilikuwa nataka kuiyeyusha pamoja na sufuria, akasema, usiyeyushe, mchumba wangu anaitaka. Hata jina la mchumba akanitajia, sikumuuliza."

"Wewe uliitoa wapi?" Wacera akauliza.

"Kwa mtu wa mkokoteni. Ilikuwa ndani ya gunia la misumari na bawaba. Naye aliokota kwenye nyumba zilizobomolewa."

"Nyumba za wapi?"

"Hakusema, na mimi sikuuliza. Chuma hakina kwao, mama. Kimepita mikono mingi."

Wacera alikaa. Kwa muda mrefu alipitisha kidole juu ya ile nati.

"Kwa hivyo sitajua," akasema.

"Hutajua," Shamso akamjibu, na sauti yake haikuwa ya muuzaji tena.

Wangu alimtazama Andati. Kijana hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Wacera, machozi yakimlengalenga, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kisa cha kusimulia.

Wacera akaamka, akajifunga kitambaa kichwani. "Wangu, vaa viatu. Tunaenda Makongeni. Na njiani tutampitia mwenyekiti wa akina mama. Mamake Andati nilimtukana mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi kisirisiri."

Lenah aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha ndani. Wacera alisema alilokuja kusema, mwenyekiti akisikia, bila kujitetea. Lenah alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliniita mchongezi," akasema. "Tangu siku ile majirani hawaniombi hata chumvi. Maneno ya leo hayataenda mbali kama yale."

"Najua. Nitayafikisha mwenyewe, mlango kwa mlango, ukinionyesha milango."

Lenah akasogea kando, wakaingia. Chai ilipomiminwa ndipo alipozungumza tena, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

"Asubuhi ile ya hamsini na nne tuliamriwa tusitoke. Nilisikia malori. Nilisikia watoto wakilia nje. Sikuchukua kitu cha mtu, lakini mlango pia sikuufungua."

"Ungefungua ungefanya nini, dada?" Wacera akasema. "Wangekupakia nawe."

Wazee wale wawili walikunywa chai yao wakiwa wameketi karibu, si kama marafiki, bali kama watu waliobeba mzigo mmoja kwa njia mbili na kukutana njia panda.

Andati alimsindikiza Wangu hadi uani, kwenye kamba ya nguo.

"Nakupenda," akasema. "Nataka kukuoa. Sina njia nzuri ya kulisema."

"Kuna lingine ulilonidanganya?"

Andati alifikiri kwa muda mrefu, kiasi cha kumtia Wangu hofu.

"Nilikwambia najua kuogelea. Sijui. Na ile televisheni chumbani si yangu, ni ya mwenzangu wa kazini. Na lile jino nililosema lilivunjwa na jambazi, lilivunjwa na mfupa wa mbuzi."

Wangu alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka hadi akashika kamba ya nguo, kisha kicheko kikageuka kilio, naye Andati akasimama tu karibu naye, hakujaribu kukinyamazisha kwa maneno.

Kutoka ndani ya nyumba Wacera alimwita Wangu waondoke. Wangu alijifuta macho kwa kiganja.

"Lete wazee wako," akasema. "Mamangu atawakataa mara ya kwanza, hata ya pili. Usikae nyumbani ukihesabu aibu. Rudi."

"Nitarudi."

"Na wakikuuliza tulivyoonana, waambie kama ilivyokuwa."