King'amuzi Kilichorudi Nyuma Saa Sita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Dobi hupasha moto chai ya baba mkwe wake. Hujaza ndoo ya maji. Kisha huchomeka flashi nyuma ya king'amuzi na kukitega kirekodi somo la hisabati.

Chai angeweza kuisahau. Somo, hasahau.

Dobi hufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Ni kazi ya kusimama kutwa nzima, na mgongo wake unaijua vizuri. Yeye anataka kusomea uuguzi. Chuo kilimwambia wazi: leta cheti chenye hisabati, ndipo tuzungumze. Mwaka jana alifanya mtihani akaanguka hisabati peke yake. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alinunua daftari jipya. Mwaka huu amejifunga kibwebwe kwelikweli, na mtihani umebaki wiki tatu.

Kwenye runinga kuna mwalimu mmoja anayefundisha hisabati taratibu, kama anayemlisha mtoto. Taabu ni kwamba kipindi chake ni saa nne asubuhi, na saa nne Dobi yuko na pasi mkononi. Kwa hiyo anakirekodi, halafu anakitazama jioni. Kwenye tangazo la kipindi wameandika 10:00, naye anakitega king'amuzi 10:00. Mwezi mzima mambo yalikwenda vizuri.

Jioni moja alifungua rekodi akakuta katuni. Paka anamkimbiza panya.

"Labda nimebonyeza vibaya," alijisemea.

Kesho yake, paka tena. Siku ya tatu, paka yuleyule, safari hii amevaa kofia.

"Baba," alimwita mkwewe, "hiki king'amuzi kimeingiwa na nini?"

Mkwewe huyo watu humwita Mzee King'ora. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini, na kazi yake ilikuwa kupiga king'ora cha kuingia na kutoka kazini. Hakuchelewa hata siku moja. Mtu akichelewa dakika tano kuja kumsalimu, atasikia.

"Kizima hicho," alisema Mzee. "Hata saa yake inakwenda sawasawa siku hizi."

Dobi alitazama. King'amuzi kilionyesha 12:00. Nje jua lilikuwa linazama, na ni kweli ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Basi saa haina kosa, aliwaza.

Wiki ikaisha. Masomo sita yakapotea. Dobi alimpigia simu mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini.

"Achana nacho," mumewe alisema. "Nikirudi mwezi ujao tutatafuta kingine."

"Mwezi ujao mtihani utakuwa umepita, baba watoto."

"Sasa mke wangu, mimi nifanyeje nikiwa huku?"

"Wewe endesha gari. Mimi nitajua la kufanya."

Alikuwa na hasira, lakini si ya kukata tamaa. Jumapili asubuhi alikwenda nyumba ya tatu kumgongea Fundi Waya. Huyu ni mama mmoja mfupi anayetengeneza redio na runinga, na hawezi kupita penye waya uliolegea bila kuushika. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila hapa hapana kilichoharibika."

Fundi Waya alikitazama king'amuzi. Kisha akatazama simu yake. Kisha akakitazama king'amuzi tena.

"Dobi, sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na hiki kimeandika nini?"

"03:00. Saa tatu."

"Hapo ndipo penye shida," alisema Fundi Waya, akaweka kikombe chini. "Saa yako iko nyuma kwa saa sita."

Dobi alimtazama kama mtu anayetaniwa.

"Sikiliza," Fundi Waya alisema. "Sisi tunapozungumza, tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. King'amuzi kinaanza kuhesabu saa sita usiku. Haya, tangu saa sita usiku mpaka sasa zimepita saa ngapi?"

Dobi alihesabu kwa vidole. "Tisa."

"Basi kinatakiwa kiandike 09:00. Wewe unakitega 10:00, nacho kinasubiri mpaka saa yake yenyewe ifike 10:00. Kwa jinsi ilivyo sasa, hiyo ni saa ngapi kwetu?"

"Saa kumi jioni," Dobi alisema polepole. "Saa ya katuni."

"Umeona? Kinakutii, tatizo ni saa yake. Na saa ya king'amuzi huletwa na matangazo kupitia antena. Haiwezi kupotea saa sita kamili hivihivi. Kuna mtu ameingia kwenye mipangilio. Nani ameigusa?"

Mzee King'ora alianza kuifuta saa yake ya mkononi kwa pindo la shati. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Mimi," alisema mwishowe.

Saa ile ya mkononi aliitega kwa namna yake. Ikiwa saa moja, mshale mfupi unakaa kwenye moja, basi. Siku moja mchana aliona king'amuzi kimeandika 13:00. Saa ya kumi na tatu aliisikia wapi? Aliona kimeharibika. Akachukua rimoti, akabonyeza huku na kule mpaka akafika penye saa, akairudisha nyuma hadi ikalingana na ya mkononi.

"Nilidhani nakusaidia, mwanangu," alimwambia Dobi. "Sikujua nakuharibia masomo."

Dobi alikasirika. Masomo sita si mchezo. Lakini alimwona mzee ameinama, aibu imemjaa usoni, na neno kali lililokuwa mdomoni akalimeza.

"Yameshapita, baba. Tutayatafuta. Dada, nitengenezee."

"Sikutengenezei," alisema Fundi Waya. "Shika rimoti mwenyewe. Siku nyingine nitakuwa sipo."

Dobi alishika rimoti. Akabonyeza Menyu. Maandishi yote yalikuwa ya kigeni.

"Anza na lugha. Ile alama ya dunia. Haya, chagua Kiswahili."

Maneno yakageuka. Sasa Dobi alikuwa anasoma mwenyewe. Akaingia Mipangilio, kisha Saa. Palikuwa pameandikwa: *Kuweka saa: kwa mkono.*

"Badilisha iwe otomatiki. Chini yake chagua nchi yetu. Ukichagua nchi nyingine, utapata saa za huko."

Dobi alibadilisha, akatoka kwenye menyu kwa haraka. Saa ikabaki vilevile, nyuma kwa saa sita.

"Imekataa."

"Haijakataa. Hukubonyeza OK. Usipobonyeza OK, king'amuzi hakihifadhi kitu. Rudia."

Alirudia. Safari hii alibonyeza OK kwa nguvu kama anayebandika muhuri. Tarakimu zikazimika, vikabaki vistari vinne. Wote watatu walivikodolea macho.

"Kinasubiri saa kutoka kwenye matangazo," alisema Fundi Waya. "Vikikaa muda mrefu hivi, kagua waya wa antena. Antena isiponasa, saa haiji."

Mara ikatokea: 09:24.

Dobi alishusha pumzi. Fundi Waya hakumpa nafasi ya kupumzika.

"Fungua Mwongozo wa Vipindi. Litafute somo lako. Bonyeza OK juu ya jina lake, uchague Rekodi. Hivyo huna haja ya kuandika saa wewe mwenyewe."

Dobi alipitia mwongozo siku baada ya siku. Jumamosi mchana akaona neno marudio. Masomo yote ya wiki iliyotangulia hurudiwa pale, mfululizo, kuanzia 14:00. Hakuwahi kujua. Aliyatega yote.

Mzee King'ora alisogeza kiti. "Fundi, nifundishe na mimi. Hiyo kumi na nne ni saa ngapi?"

"Toa sita, mzee."

"Nane. Saa nane mchana. Na 19:00?"

"Toa sita."

"Kumi na tatu. Tumerudi kulekule."

"Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena."

"Moja. Saa moja usiku." Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Na 01:00?"

"Kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, ongeza sita. Ni saa saba usiku."

Kuanzia Jumatatu Mzee alijipa kazi. Saa nne kamili husimama mbele ya king'amuzi kuhakikisha taa nyekundu ya kurekodi imewaka. Asipoiona, anampigia Dobi simu, na Dobi humwelekeza bonyezo kwa bonyezo huku pasi ikimsubiri. Jioni hizo zote Dobi alisoma. Wenzake wa kazini walimwita waende kutembea, akakataa. Alikosea sehemu za desimali mara tisa, akarudia mara ya kumi.

Ratiba ya mtihani ilisema: Hisabati, 08:00. Mzee ndiye aliyeisoma kwanza.

"Saa mbili asubuhi," alisema. "Utoke hapa saa kumi na mbili na nusu. Nitakusindikiza."

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Dobi hakumwambia mtu mpaka alipofika chuoni. Karani alipokea fomu yake, akapitisha kidole mstari kwa mstari bila kuinua kichwa.

"Mwaka jana ulikuja hapa," alisema. "Hisabati hukuwa nayo."

Dobi aliweka cheti juu ya meza.

"Mwaka huu ninayo."