Ndizi Kwenye Gari la Baba Mkubwa

Kila siku Monica akitoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa ndizi. Alivua sare, akapanda ngazi hadi darini juu ya jiko, akaugeuza mkungu uliofunikwa kwa majani makavu, kisha akashuka kuchochea moto ili moshi upande. Ndivyo ndizi zilivyoivishwa kwao Machame. Mkungu ukiiva, bibi yake, Bibi Anaeli, aliupeleka kanisani ukapigwe mnada baada ya ibada. Hakuna kilichomfurahisha bibi huyo kama kusikia watu wakiugombania.

Lakini moshi wa darini, jamani, unauma macho! Monica aliuchukia kabisa. Na pale uani, chini ya banda la mabati, lilikuwepo gari la baba yake mkubwa, Eliufoo, aishiye Dodoma. Mwenyewe alikuja Krismasi tu, na miezi mingine yote gari lilisimama. Ndani yake mlikuwa na joto kama tanuri. Monica akawaza: ndizi zinataka joto, gari lina joto, mimi napanda darini kufanya nini? Siku ambazo baba yake mdogo, Elimringi, alikuwa shambani, aliuchukua ufunguo sebuleni, akaulaza mkungu chini, mbele ya kiti cha abiria, akaufunika kwa gunia.

Ndizi ziliiva sawasawa. Bibi akawaonyesha majirani. "Mwoneni mjukuu wangu! Huyu ana mkono wa ndizi!" Monica akatabasamu tu, akazipokea sifa.

Elimringi naye alikuwa na kazi yake. Kila Jumamosi aliwasha gari lingurume kidogo, betri isife, kisha akalizima. Kuliendesha alikatazwa, naye hakuliendesha hata mara moja. Monica alihakikisha mkungu umeondolewa kabla ya siku hiyo. Harufu ilibaki, lakini nyumba nzima ilinuka ndizi, nani angeshangaa? Siku moja aliona mavi ya panya juu ya kapeti. Akayafagia kwa kiganja, akanyamaza.

Desemba ikafika, na Baba Mkubwa akaja kwa basi. Kesho yake asubuhi alitaka kumpeleka Bibi hospitali Bomang'ombe akatazamwe miguu yake iliyovimba. Majirani walikuwa uani wakisalimiana. Injini ikawaka vizuri. Akakanyaga breki, akavuta gia. Haikutoka. Akavuta tena, wapi!

"Elimringi!" alifoka. "Umelifanya nini gari langu?"

"Sijalifanya kitu, kaka. Nawasha, nazima."

"Gari zima nililoacha hapa! Umezurura nalo, useme usiseme!"

Majirani wakatazamana. Elimringi aliinamisha kichwa, na Monica, aliyekuwa mlangoni, akahisi uso unawaka moto. Aliwaza mavi yale ya panya. Alitaka kusema. Angesemaje, mbele ya watu waliomsifu?

Mchana akaja Fundi Kuldip, mwenye gereji Moshi mjini. Alimwamkia Bibi shikamoo, akavua saa yake na kuinama kwenye gari.

"Hili ni la otomatiki," alieleza. "Gia haiachii mpaka ipate habari kwamba umekanyaga breki. Habari hiyo inaletwa na umeme."

Akampa Elimringi ufunguo, akamwomba akanyage breki, akatazama nyuma. Taa zikawaka. Akatazama fyuzi. Nzima. Akafungua kifuniko kwenye gia, akagusisha taa yake ndogo ya kupimia. Haikuwaka.

"Gia haina ubaya. Umeme ndio haufiki," alisema. "Kuna waya umekatika njiani, chini ya kapeti. Wapi, sijui. Itabidi tulivute hadi gereji, tung'oe viti vyote."

"Waya haukatiki wenyewe!" alidakia Baba Mkubwa. "Ameligonga kwenye mawe. Elimringi, lete ufunguo. Kuanzia leo gari langu atalitunza mtu mwingine."

Elimringi alimpa ufunguo kwa mikono miwili. "Sawa, kaka," alisema.

Hapo Monica akashindwa kuvumilia. "Si yeye!" alilia. "Ni mimi. Nilikuwa naivishia ndizi ndani ya gari. Panya waliingia, nikaona, nikanyamaza. Tazameni mbele ya kiti cha abiria."

Fundi Kuldip alikodoa macho. "Aisee! Miaka yote ya gereji, sijawahi kusikia gari limegeuzwa dari!"

Hakuna aliyecheka. Fundi akafunua kapeti pale alipoonyeshwa. Palikuwa na kiota cha nyuzi za gunia na maganda makavu, na katikati yake waya umetafunwa. Akauunga, akaufunga utepe, akakanyaga breki. Gia ikatoka bila shida.

Monica alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti mbele ya baba yake mdogo. "Nisamehe, Baba Mdogo. Nilikuacha utukanwe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Inuka," Elimringi alijibu, lakini hakutabasamu.

Baba Mkubwa alishika kiuno, akatazama chini. "Na mimi nisamehe, mdogo wangu. Nimeropoka."

"Haitoshi," alisema Bibi Anaeli. "Eliufoo, umemtukana mdogo wako mbele ya majirani. Monica, ulisikia, ukanyamaza. Panya alikula waya, na fundi ameuunga. Jina la Elimringi mmeliharibu ninyi wawili, na hilo fundi haliwezi. Kosa la ndizi ni la uvivu, mjukuu wangu, ningekugombeza yakaisha. Kumwacha mtu mwema abebe kosa lako ndiyo aibu yenyewe. Nendeni mkawaambie wote waliokuwa hapa asubuhi. Mimi na miguu yangu tutawasubiri garini."

Wakatoka, mtu mzima na mtoto, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kwa jirani wa kwanza Baba Mkubwa alikohoa, akatafuta maneno, akayakosa. Monica akasogea mbele.

"Shikamoo, mama. Baba Mdogo hakuliendesha gari. Kosa ni langu, na nilijua tangu asubuhi."