Baba Zawadi Anapiga

Xaveria alivaa kitenge chake cha bluu, kile cha harusi za watu, akaenda ofisi ya kodi kuomba atenganishwe na deni la marehemu mumewe. Nestory aliendesha biashara ya mazao kwa siri, akafa na siri yake, na sasa duka la vitenge la mjane pale Bagara lilitakiwa kufungwa. Haki iko wapi hapo?

Kwenye foleni alikaa na Samweli, muuza mbegu wa Singe, mgane mwenye shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Xaveria alimtania kuhusu shati hilo, wakacheka, Samweli akaomba namba akapewa.

Kesho yake mchana simu iliita dukani. Kwenye kioo: Baba Zawadi.

Ndivyo alivyoihifadhi namba ya mumewe, kwa jina la binti yao, na mumewe yuko kaburini mwaka wa pili. Hakupokea. Ikaita tena, na siku iliyofuata tena. Na yule Samweli wa kuahidi kupiga, kimya. Hilo nalo lilimuuma, maana moyo hauna adabu.

Siku ya nne afisa wa kodi alimrudishia barua ya mtendaji wa kata iliyothibitisha kifo cha Nestory.

"Mama, marehemu wako tumempigia kwa namba iliyo kwenye faili. Tumemuuliza kama ndiye Baba Zawadi, kasema ndiye. Basi yuko hai, ombi lako limekataliwa, deni linabaki kwako."

Xaveria alipita makaburini. Udongo haukuguswa, majani yameota, msalaba umesimama. Ndipo alipoogopa kweli.

Sokoni alikutana na Samweli, amenuna.

"Kama hunitaki, sema. Nimekupigia mara sita."

"Hujanipigia hata mara moja."

Samweli akabonyeza simu palepale. Kapuni mwa Xaveria simu ikaita: Baba Zawadi. Akakaa chini kando ya mafungu ya nyanya.

Samweli akasoma kioo, akarudi nyuma. "Nani kakwambia jina la mwanangu?"

"Ni jina la wangu."

Walitazamana, wote wawili wakiogopa, mpaka Samweli akakumbuka. Laini aliinunua mwaka huu, na namba iliyolala muda mrefu huuzwa upya; hii ilikuwa ya Nestory.

Kwa wakala wa simu, alama ya kidole ilithibitisha laini sasa ni ya Samweli. Afisa, aliyeuliza jina la mtoto badala ya jina la mtu, aliona aibu, akaligonga ombi muhuri. Duka likapona.

Nje, Samweli aliuliza lile jina atalibadilisha lini.

Xaveria aliirudisha simu kapuni.

"Silifuti," alisema. "Ila ukipiga, nitapokea."