Klipu ya Thelathini na Tano

Mwaka ulikuwa 1999, katikati ya kiangazi.

Katika nyumba ya vyumba viwili, mwishoni mwa barabara yenye karakana na maduka, aliishi mshonaji mmoja. Aliishi peke yake. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akamwachia gari dogo la bluu na binti mmoja. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Hakuwa akisikia tangu kuzaliwa, kwa hiyo alisoma katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia, mwendo wa saa tatu kwa gari.

Kila asubuhi mshonaji alifungua dirisha, akaweka kikombe kimoja mezani, akanywa chai akiwa amesimama. Kisha aliketi kwenye cherehani. Wateja waliingia, wakapimwa, wakaenda zao. Walizungumza naye kuhusu mikono mirefu na mikono mifupi, basi. Jioni alisimama mbele ya kioo na kufanya mazoezi ya lugha ya alama, ili asiisahau. Mikono yake iliuliza: habari za masomo? Kiooni hapakuwa na mtu wa kumjibu ila yeye mwenyewe.

Shule iliwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto siku moja tu katika kila muhula. Muhula uliotangulia mshonaji hakufika. Gari lilichemka njiani, mvuke ukafunika kioo cha mbele, naye akasimama kando ya barabara mpaka jua likazama. Wiki moja baadaye alipata barua kutoka kwa mlezi wa bweni. Barua ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema kwamba mtoto alikaa langoni tangu asubuhi, kwamba alikataa kula, na kwamba lango lilipofungwa jioni ilibidi abebwe kuingizwa ndani.

Simu isingeweza kumweleza mtoto yule kilichotokea. Basi nalo halikupita njia ile siku za Jumamosi. Palikuwa na gari tu.

Sasa siku ya kutembelea ilikuwa imekaribia tena. Ilikuwa Jumamosi ijayo. Jumatano asubuhi mshonaji aliinama, akatazama chini ya gari, akaona dimbwi la maji ya kijani.

Alijua yalikotoka. Yalitoka kwenye mpira mnene unaopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, yanakopozwa. Mwaka uliopita fundi mmoja wa barabarani alikuwa ameziondoa klipu mbili za springi zilizoushika mpira huo. Alidai kuwa ni dhaifu, kwa kuwa hazina pa kukazia. Akafunga klipu za skrubu, akamwambia mshonaji azikaze kila zinapovuja. Mshonaji alitii. Kila Jumapili alichukua bisibisi na kukaza mpaka skrubu ikagoma kuzunguka. Maji yaliendelea kudondoka. Naye hakumuuliza mtu yeyote. Tangu mumewe afariki alikuwa amejifunza kukaza kila kitu mwenyewe, hata midomo yake.

Lakini alikumbuka kwamba enzi za klipu za springi gari halikuvuja hata tone. Akaamua kuzirudisha. Alichukua utepe wake wa kupimia nguo, akauzungusha mpira mahali ulipovishwa kwenye shingo ya rejeta, lile bomba fupi la kuingizia maji, akasoma: sentimita kumi na moja. Akaandika kwenye karatasi: klipu ya springi, milimita 110. Akaenda dukani.

Duka la vipuri lilikuwa mtaa wa pili. Muuzaji alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka hamsini, ambaye zamani alikuwa fundi katika gereji ya mabasi. Watu walimwita Dada Spana. Kwa miaka mingi yeye na mshonaji walikuwa wamesalimiana kwa kuinua mkono tu, kila mmoja akiendelea na shughuli zake.

Dada Spana alisoma karatasi. Akaisoma tena.

"Mama, unataka kufunga mpira wa rejeta, au unamfunga ng'ombe tumbo?"

Mshonaji alimjibu kwa ukali kwamba mpira ameupima mwenyewe, na kwamba kwa miaka ishirini hajawahi kukosea kipimo cha mtu.

"Cha mtu sikatai. Huu umeupimaje?"

Mshonaji alitoa utepe na kuuzungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Dada Spana akaacha kucheka.

"Hapo umepima mzingo," alisema. "Mzingo ni kuzunguka nje. Klipu huuzwa kwa kipenyo, yaani upana wa duara ukipita katikati, toka ukingo hadi ukingo. Gawa mia na kumi yako kwa tatu na kidogo. Unapata thelathini na tano."

Mshonaji alitazama karatasi yake. Angekuwa ameizoea aibu, angecheka. Hakuizoea. Aliikunja karatasi mara mbili na kugeuka ili aondoke.

Dada Spana alimuuliza, kana kwamba hakuona chochote, safari ni ya lini. Mshonaji alisimama mlangoni. Hakukusudia kusema mengi, lakini alisema. Alieleza habari za Jumamosi, za mtoto, na za barua ya mistari mitatu. Alipomaliza, Dada Spana alifunga droo, akachukua kifaa cha kupimia kipenyo, mpira mpya, na sanduku la klipu. Akatundika mlangoni kibao cha kusema duka limefungwa.

Walilikuta gari likiwa baridi, maana halikuwa limewashwa tangu jana yake. Dada Spana alikigusa kifuniko cha rejeta kwa kiganja kabla ya kukifungua. Alimwonya mshonaji kwamba kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyofungiwa humo huruka na kubabua uso. Waliyakinga maji yote katika beseni safi. Kisha Dada Spana akalegeza klipu za skrubu na kuuchomoa mpira.

Mwisho wa mpira ulikuwa umekatwa na klipu, kama nguo iliyoliwa na mkasi butu.

Mshonaji aliuliza jambo lililomsumbua mwaka mzima. Yeye alikaza kila wiki. Mbona maji yalipita?

"Sketi za wanafunzi unazitia nini kiunoni?" Dada Spana aliuliza.

"Lastiki."

"Kwa nini usitie kamba?"

"Mtoto akila, kamba itambana. Akishinda na njaa, sketi itaanguka." Mshonaji aliutazama mpira mkononi mwake.

"Na huu unakula na kushinda na njaa kila siku," alisema Dada Spana. "Injini ikipata moto, mpira na shingo yake huvimba. Ikipoa, hunywea. Skrubu haijui. Imekaa pale ulipoiacha. Ukiikaza sana, inakata mpira. Usipoikaza, maji yanapita. Springi inaufuata mpira ukinenepa, na inaufuata ukikonda."

Aliongeza kwamba klipu ya skrubu si kitu kibaya, nayo ina mahali pake. Lakini mahali palipotengenezewa springi, irudishwe springi.

Walisafisha shingo ya rejeta kwa kitambaa mpaka magamba meupe yakatoka. Dada Spana aliuvisha mpira mpya na kuupima ukiwa umevaa, kwa sababu mpira ukivaa hunenepa kidogo. Ulikuwa thelathini na tano kamili. Akauvua, akapekua sanduku. Zilikuwamo klipu za ishirini na nane, za thelathini na mbili na za arubaini. Ya thelathini na tano ilikuwa moja tu. Mpira una ncha mbili.

Mshonaji alishauri kwamba ncha ya pili wafunge ile ya arubaini. Dada Spana alimuuliza kama lastiki ya mtu mzima hukaa kiunoni kwa mtoto. Basi ya thelathini na mbili? Alimuuliza kama lastiki ya mtoto, ikivutwa mpaka ikamwingia mtu mzima, hurudi tena kuwa lastiki. Nambari ya klipu ni kipenyo cha mpira inaoufaa; klipu yenyewe, kabla haijapanuliwa, huwa ndogo kidogo tu kuliko mpira huo. Ikiwa kubwa haishiki. Ikiwa ndogo mno, itapanuliwa kupita uwezo wake na kuchoka. Upana wa ukanda wake nao uwe ule wa klipu za kiwandani za gari hilo, milimita kumi na mbili, na nambari iliyogongwa kwenye chuma isomwe, isikisiwe.

Mzigo mpya dukani ungefika wiki iliyofuata. Mshonaji aliketi kwenye kizingiti. Hakulia. Aliangalia tu mikono yake, kama mtu anayetafuta la kusema kwayo.

Dada Spana aliondoka bila kuaga. Baada ya nusu saa alirudi na klipu moja mfukoni.

"Ya gari langu," alisema. "Ni ya miezi miwili, haina kutu, na springi yake ina nguvu. Ingekuwa imechoka nisingekupa."

"Na wewe utatumia gari gani?"

"Jumamosi gari langu halina pa kwenda." Alisema hivyo huku akitazama pengine. "Halijawa na pa kwenda siku nyingi. Utanirudishia."

Ncha ya kwanza aliifunga yeye, polepole, ili mshonaji aone. Ya pili alimwachia. Alimvisha miwani ya kazi, kwa kuwa klipu ikiponyoka hurukia macho. Mshonaji aliusukuma mpira kwenye shingo kwa nguvu zake zote, mpaka ukafika mwisho. Aligeuka kwa furaha kidogo. Dada Spana alikuwa amemnyooshea klipu.

"Umeshona pindo kabla ya kupitisha lastiki, mama."

Mshonaji alicheka. Alishtushwa na sauti yake mwenyewe. Akauvua mpira, akapitisha klipu kwanza, akaanza upya.

Klipu ya springi ina masikio mawili. Aliyabana kwa koleo, klipu ikapanuka. Aliisogeza hadi ikavuka ukingo uliovimba kwenye shingo, ikakaa kati ya ukingo na mwisho wa mpira, wala si juu ya ukingo wenyewe. Aliyaelekeza masikio juu, mahali ambapo koleo litafika siku nyingine na ambapo hayatasugua kitu. Kisha akaliachia koleo taratibu. Mkono wake ulitaka kuendelea kukaza. Hapakuwa na pa kukazia.

Walijaza maji ya rejeta, mapya, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Waliwasha injini na kipasha joto cha ndani, wakaacha mapovu ya hewa yatoke, ndipo wakafunga kifuniko. Injini ilipopata moto waliizima, wakachungulia ncha zote mbili. Palikuwa pakavu. Jioni, gari lilipopoa, mshonaji alitazama kina cha maji tena na kuongeza kidogo, kama alivyoagizwa.

Jumamosi aliondoka alfajiri. Barabara ilikuwa tupu, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kila baada ya muda alikitazama kipimo cha joto. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa. Mahali palepale gari lilipochemka muhula uliopita alipunguza mwendo, ingawa hapakuwa na sababu.

Binti yake alikuwa langoni. Hakumkimbilia. Aliliendea gari kwanza, akaweka kiganja juu ya boneti, akageuka. Mikono yake iliuliza: limechemka?

Halikuchemka, mama alijibu kwa mikono.

Ndipo mikono ya mtoto ikaanza kusema upesi sana, mambo ya mihula miwili kwa pamoja, hata mama akamwomba arudie. Alirudia. Walikaa kwenye nyasi mpaka saa kumi jioni. Mlezi wa bweni alileta chakula, na mtoto alikula sahani yote.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Lakini kabla ya kuuacha mji mdogo wenye shule ile, mshonaji alisimama kwenye duka la vipuri. Hakutoa utepe. Aliomba klipu ya springi, kipenyo milimita thelathini na tano, upana milimita kumi na mbili. Muuzaji aliifuata rafuni bila kuuliza neno.

Jumatatu asubuhi alikuwa nyuma ya duka la Dada Spana kabla halijafunguliwa. Gari la Dada Spana lilikuwa pale, kifuniko chake cha mbele kimeinuliwa, mpira wake ukining'inia. Dada Spana alitoka, akanyoosha mkono aipokee klipu. Mshonaji hakumpa.

"Mimi nilipewa klipu iliyofungwa," alisema. "Nitalipa iliyofungwa."

Dada Spana alimpa miwani na koleo, akaketi juu ya tairi kuukuu.

Mshonaji alisafisha shingo. Alipitisha klipu kwanza. Alisukuma mpira hadi mwisho, akabana masikio, akavuka ukingo, akaachia taratibu. Alijaza maji, akawasha. Injini ya gari lile, iliyokaa siku tano bila kazi, ilichukua dakika nyingi kupata moto, na wanawake wawili waliisubiri pamoja. Dada Spana alimuuliza mshonaji jinsi binti yake anavyosema asante kwa mikono. Mshonaji alimwonyesha.

Injini ilipozimwa, mshonaji alipitisha kitambaa cheupe chini ya mpira na kukifunua mbele ya Dada Spana. Hakikuwa na doa. Dada Spana alikitazama, kisha akaiiga ile alama ya asante, vibaya kidogo.